Mjapani Aliyegeuzwa Mburma kwa Vibao vya Maandishi: Kisa cha The Cheat, 1915–1918

Ukipata leo nakala ya The Cheat, filamu bubu ya mwaka 1915, kuna uwezekano mkubwa vibao vyake vya maandishi, yaani kadi za maneno zinazotokea kati ya picha, vikakutambulisha kwa mwovu aitwaye Haka Arakau, tajiri wa pembe za ndovu kutoka Burma (Myanmar ya leo). Kisha picha inaanza kubisha. Bwana huyu anavaa kimono. Milango ya nyumba yake ni ya karatasi na fito, ya kusukuma pembeni, kama ya nyumba za Japani. Chapa anayotia kwenye mali yake ina umbo la torii, lile lango la mahekalu ya Kishinto. Ukitaka kuiona Burma itakubidi uisome, maana kwa macho huioni.

Kisa hiki kinaeleza Burma hiyo ilitoka wapi: nani alilalamika, nani aliamua nini, na kwa nini malalamiko yaliyosikilizwa hayakubadilisha filamu. Waliotajwa kwa majina ni watu wa hadhara tu, ambao kazi yao imo kwenye filamu yenyewe au kwenye kumbukumbu za wazi. Viongozi wa jumuiya, wenye majumba ya sinema na watumishi wa ofisi wanatajwa kwa nafasi zao.

Neno moja kabla ya kuendelea. Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia "Waasia" hufikiria kwanza majirani wenye asili ya Bara Hindi. Katika sinema ya Marekani ya miaka ile, neno hilo liliwahusu hasa Wachina na Wajapani, na humu limetumika kwa maana hiyo.

Usuli

Mwaka 1915 Mjapani aliyekuwa akiishi California alikuwa amebanwa na sheria kila upande. Wachina walikuwa wamefungiwa mlango tangu sheria ya mwaka 1882. Kwa Wajapani, serikali mbili zilielewana mwaka 1907 na 1908 kwamba Japani yenyewe iache kuwapa vibarua wake pasi za kwenda Marekani. Sheria ya ndoa ya California iliwakataza watu wa asili ya Asia ya Mashariki kuoana na wazungu. Mwaka 1913 jimbo hilohilo likapitisha sheria ya kumnyima umiliki wa shamba mgeni yeyote asiyeruhusiwa kuwa raia. Haikutaja Wajapani. Haikuwa na haja, kwa kuwa kila mtu alijua ni akina nani hao wasioruhusiwa.

Kuhusu filamu, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Februari 1915 kwamba sinema ni biashara kama biashara nyingine, si uhuru wa kusema. Majimbo na miji ikaendelea kuwa na bodi zake za ukaguzi, na aliyeudhiwa na filamu alikuwa na pa kupeleka lalamiko. Mwaka huohuo chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kilikuwa kikipambana mji kwa mji na filamu ya D. W. Griffith iliyowatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Kwa hiyo kulalamikia filamu hakukuwa jambo geni.

Nafasi za Waasia kwenye skrini zilikuwa chache na zilijulikana: mfuaji nguo, mtumishi, mvuta kasumba, msichana anayejitoa mhanga kwa ajili ya mzungu. Tena nyingi zilichezwa na wazungu waliopakwa rangi na kuvutwa macho kwa gundi. Mary Pickford, mzungu, alicheza Cho-Cho-San, msichana wa Kijapani wa hadithi ya Madame Butterfly, mwaka huohuo wa 1915. Hali haikupona upesi: Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, alicheza Fu Manchu, mwovu wa Kichina, mwaka 1929 na Charlie Chan, mpelelezi wa Kichina, kuanzia 1931.

Ndipo inapokuja tofauti ya kisa hiki. Sessue Hayakawa alikuwa Mjapani kweli, mzaliwa wa Chiba. Alianza kujulikana mwaka 1914 katika filamu za mtayarishaji Thomas Ince, kisha akahamia kampuni ya Jesse L. Lasky. Mwongozaji Cecil B. DeMille akampa nafasi ya Hishuru Tori, tajiri wa Kijapani anayeishi kati ya matajiri wa Long Island, karibu na jiji la New York.

Hadithi yenyewe

Haiwezekani kuchambua kisa bila kujua kinachoonekana, kwa hiyo tuipite hadithi polepole kidogo.

Edith Hardy, anayechezwa na Fannie Ward, ni mke wa dalali wa hisa na ni mpenda anasa. Ndiye mweka hazina wa mfuko wa Msalaba Mwekundu, na ameshika dola 10,000 za wakimbizi wa Ubelgiji. Rafiki wa mumewe anampa fununu ya hisa, naye anatia fedha zote za wakimbizi. Zinapotea. Habari inamfikia katikati ya sherehe ya hisani iliyofanyika nyumbani kwa Tori. Tori anamwandikia hundi ya dola 10,000 kwa sharti kwamba baadaye atakwenda kwake usiku. Kesho yake mume anapata faida kubwa kwenye hisa zake, Edith anamwomba fedha kwa kisingizio, anazipeleka kwa Tori ili deni liishe. Tori anakataa fedha. Wanakabana, anamwinamisha mezani kwa nguvu, na kwa chuma cha moto anamtia chapa begani. Edith anampiga risasi ya bega. Mume anafika, anaona damu kwenye mlango wa karatasi, na baadaye anajitwisha kosa la mkewe.

Mahakamani anakutwa na hatia. Hapo Edith anakimbilia mbele, anafunua bega na kuonyesha kovu. Umati unamrukia Tori, maofisa wanahangaika kumkinga, hakimu anatengua hukumu, na mke na mume wanatoka wakishangiliwa kama bwana harusi na bibi harusi. Hakuna anayeuliza tena habari za fedha za wakimbizi.

Kitu kimoja kitazamwe kwa karibu: chuma cha chapa. Tunakutana nacho mwanzoni kabisa. Katika picha ya kumtambulisha Tori, ameketi gizani, amevaa vazi lake la hariri, na mwanga unatoka kwenye jiko dogo la makaa mbele yake. Anachukua chuma, anaichoma mali yake, anaitazama. Baadaye anamweleza Edith maana ya alama ile: kitu hiki ni changu. Kwa hiyo bega linapochomwa, mtazamaji hahitaji kibao kumwambia kinachotendeka. Amekwisha kufundishwa kusoma.

Mfuatano wa matukio

Filamu ilitoka tarehe 13 Desemba 1915. Iligharimu karibu dola 17,000, ikaingiza zaidi ya dola 130,000. Ilipoonyeshwa Los Angeles, gazeti la Wajapani wa mji huo, Rafu Shimpo, liliishambulia, na chama cha Wajapani wa Kusini mwa California kikapinga. Hoja haikuwa kwamba filamu ni mbaya kisanaa. Hoja ilikuwa kwamba inamwonyesha Mjapani kama mnyama aliyevaa suti, na kwamba wanaoishi hapo ndio watakaolipa, sokoni, shuleni na mbele ya mwenye nyumba. Ghadhabu nyingine ilimwangukia Hayakawa mwenyewe, kwamba ameuza watu wake.

Mwishoni mwa Desemba Hayakawa alichapisha katika gazeti hilohilo tangazo la kuomba radhi. Alisema hakukusudia kuumiza hisia za Wajapani na kwamba mbele ya safari atakuwa mwangalifu. Filamu iliendelea kuonyeshwa.

Mwaka 1916 ikafika Ufaransa kwa jina la Forfaiture na kuzua kishindo. Mwandishi Colette aliisifu kwa maandishi. Mhakiki Louis Delluc alimtukuza Hayakawa. Wakati huo kampuni ya Lasky ilikuwa ikiungana na ya Adolph Zukor kuwa Famous Players-Lasky, ikisambaza filamu zake kupitia Paramount.

Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Japani ilikuwa upande huohuo tangu Agosti 1914. Ghafla yule aliyechomwa kisu na filamu akawa mshirika wa vita. Mwaka 1918 filamu ilipotolewa upya, Hishuru Tori hakuwamo tena. Alikuwapo Haka Arakau.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa waandishi, Hector Turnbull na Jeanie MacPherson, pamoja na DeMille: mkopeshaji mwovu awe Mjapani. Hadithi haikuhitaji hivyo. Tajiri yeyote mwenye fedha na tamaa angeitosha, na baadaye tutaona ilifanyika hivyo. Lakini kumfanya Mjapani kuliwapa vitu vitatu kwa mkupuo: mapambo ya kuvutia macho, hofu iliyokwisha kupikwa na siasa za California, na mwisho ambao umati unaweza kulipuka bila mtazamaji wa wakati ule kumwonea huruma anayeshambuliwa.

Uamuzi wa jumuiya kupinga hadharani ulikuwa na hatari yake. Watu wasio na kura, wasioweza kuwa raia, wanaopigwa vita na magazeti makubwa, wanaposimama kulalamika huweza kuongeza wateja wa filamu. Walichagua kupiga hata hivyo, na walipiga karibu: gazeti lao, mji wao, jumba la sinema lililojulikana.

Hayakawa aliomba radhi na kubaki kazini. Wapo wanaomlaumu mpaka leo kwa hilo. Sisi tunaona angalau hesabu yake ilieleweka: akiacha, nafasi haimwendei Mwasia mwingine, inamwendea mzungu mwenye gundi machoni.

Uamuzi wa nne, wa kampuni, ndio kiini cha kisa, na ili kuuelewa inabidi kujua kibao kilivyotengenezwa. Filamu bubu ilikuwa na maandishi yaliyopigwa picha peke yake: kadi iliyochapwa au kuandikwa kwa mkono iliwekwa mbele ya kamera, ikapigwa kwa urefu wa kutosha mtu kuisoma, kisha kipande hicho cha mkanda kikakatwa na kuungwa kwa gundi kati ya picha mbili. Kila futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, kwa hiyo hata kibao kirefu ni futi chache tu. Kukibadilisha unatoa kipande, unaunga kingine. Huhitaji mwigizaji, jukwaa wala taa. Midomo hailingani na sauti kwa kuwa sauti haipo. Mwigizaji aliyetamka "Tori" anaweza kusomwa "Arakau" na hakuna atakayejua.

Kupiga upya matukio kungehitaji kumrudisha Fannie Ward, kujenga upya nyumba na kushona upya nguo. Kuacha kuionyesha kungemaanisha kuitupa filamu iliyorudisha gharama yake mara saba na zaidi. Kati ya njia zote, gundi ilikuwa rahisi kuliko zote, na ikachaguliwa.

Kwa nini Burma? Kumbukumbu ya mkutano wa kuchagua nchi hatuinukuu hapa, lakini mantiki inajieleza. Burma ilikuwa chini ya Uingereza, haikuwa na balozi wake Washington. Hapakuwa na gazeti la Waburma Los Angeles. Burma ina ndovu, hivyo pembe zinapita. Na kwa mtazamaji wa kawaida wa Ohio au Kansas, kimono ni kimono.

Matokeo

Malalamiko ya Wajapani yalijibiwa, tena kwa maandishi. Kwenye karatasi walishinda.

Hayakawa akawa mmoja wa waigizaji wakubwa wa miaka ile, akipendwa hasa na watazamaji wanawake wa kizungu, jambo ambalo waandishi wa hadithi ile hawakulipanga. Mwaka 1918 alianzisha kampuni yake, Haworth Pictures Corporation, ili achague hadithi mwenyewe. Mwaka uliofuata ilitoka The Dragon Painter, aliyocheza na mkewe Tsuru Aoki, ambamo hakuna mzungu wa kutishwa. Miaka michache baadaye aliondoka Hollywood.

Jumuiya iliyolalamika haikupata nafuu yoyote. Sheria ya ardhi ya California ilikazwa mwaka 1920, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ikawafungia Wajapani mlango kabisa. Si haki kuubebesha mkanda mmoja mzigo huo, lakini si haki pia kusahau kwamba filamu ilionyeshwa kwa wapigakura walewale.

Nakala inayosambaa zaidi leo inatokana na toleo la 1918. Mwaka 1993 filamu iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani. Kwa hiyo wengi wanaomtazama yule mwovu katika filamu hii iliyohifadhiwa rasmi humsoma Mburma.

Uchambuzi: kilichofaulu na kilichoshindwa

Anayefundisha kisa hiki aanze kwa kufunika vibao. Kata kipande cha karatasi kigumu kinachotosha skrini, au punguza mwanga wa projekta kila maandishi yanapotokea, na uwaonyeshe wanafunzi dakika kumi za mwanzo. Waandike mhusika huyu ni nani na wamejuaje. Kisha rudia na vibao vya 1918. Orodha ya kwanza itakuwa ya vitu: vazi, mlango, jiko la makaa, sanamu, chapa. Ya pili itakuwa na nyongeza moja tu, jina la nchi. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo ukubwa halisi wa marekebisho yaliyofanywa.

Kosa la kawaida hapa ni mwalimu kuanza na historia ya vita na siasa. Wakishaambiwa Japani ilikuwa mshirika, wanafunzi huacha kutazama na kuanza kukubali. Waone kwanza.

Baada ya vitu, tazameni taa. Mpiga picha Alvin Wyckoff alitumia mwanga mkali wa upande mmoja bila wa kujazia, nyuma kukiwa kweusi tii. DeMille mwenyewe aliuhusisha mtindo huo na michoro ya mchoraji Rembrandt. Uso wa Tori unagawanyika: nusu inaonekana, nusu imezama. Angalieni ni nani anayepigwa mwanga huo na wakati gani. Tori akiwa kwenye sherehe, amevaa suti, mwanga ni wa kawaida kama wa wengine wote. Akiwa peke yake nyumbani, na vazi lake, giza linarudi. Filamu inadai kwamba suti ni ganda na giza ndilo tunda. Dai hilo halimo kwenye kibao chochote, wala mtu wa gundi na mkasi hawezi kulifikia.

Uigizaji ndio ulioleta utata. Wakati wenzake wanapunga mikono na kushika vifua, Hayakawa hatikisiki. Anashusha kope, anageuza kichwa kidogo, basi. Wafaransa waliona hapo mustakabali wa sanaa. Wajapani wa Los Angeles waliona mtu wao akitisha zaidi kwa sababu hiyohiyo: mwovu anayepiga kelele huchekesha, mwovu mtulivu huaminika. Pande zote mbili zilikuwa sahihi, na mwalimu asijaribu kuwapatanisha.

Sasa pingamizi lenyewe. Lilifaulu kwa kuwa lilikuwa mahususi: filamu hii, jumba hili, taifa hili. Bodi ya ukaguzi au msambazaji huelewa lalamiko la aina hiyo haraka kuliko hotuba kuhusu ubaguzi. Lakini umahususi huo ndio uliompa msambazaji njia ya kutokea. Lalamiko likisimama juu ya heshima ya Japani, jawabu la bei nafuu ni kuiondoa Japani. Lingesimama juu ya tendo, kwamba Mwasia anaonyeshwa akimtia mwanamke chapa kama ng'ombe na umati ukitaka kumuua huku filamu ikiushangilia, jina la nchi lisingetosha kuwa jawabu. Ni rahisi kusema hivyo leo, bila shaka. Watu wale walikuwa wakitetea kile walichoweza kukitetea, na taifa lenye manowari ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo.

Mfumo uliofuata uliendeleza kasoro hiyohiyo. Mwaka 1922 Mexico ilipiga marufuku filamu za makampuni yaliyowadhalilisha watu wake, na Hollywood ikasikia, kwa kuwa lilikuwa soko. Mwaka 1927 chama cha watayarishaji kilitoa orodha ya mambo yasiyoruhusiwa, na miongoni mwayo ni kulikosea kwa makusudi taifa, kabila au dini yoyote. Kwa maneno ni kanuni nzuri. Kwa utendaji ilimlinda mwenye ubalozi na tiketi za kununua. Asiyekuwa navyo akabaki ghala la kutolea waovu wapya.

Jambo la mwisho la kukagua ni nakala yenyewe. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu filamu hii, soma kibao cha kumtambulisha mwovu. Kikisema Arakau, basi toleo lako ni la 1918, na maandishi yote unayonukuu ni ya baada ya marekebisho. Usiyatumie kama ushahidi wa alichosoma mtazamaji wa Desemba 1915. Makosa ya aina hii yamejaa kwenye insha za wanafunzi, wanaoeleza hasira ya Wajapani dhidi ya "mfanyabiashara wa Kiburma" na kumwacha msomaji akikuna kichwa.

Mhusika baada ya 1918

Hadithi ilirudiwa. Mwaka 1923, Pola Negri akiwa mke, mwovu alikuwa tapeli anayejifanya mwana wa mfalme wa Kihindi. Mwaka 1931, Tallulah Bankhead akiwa mke, alikuwa Mmarekani mweupe aliyerudi kutoka Asia na nyumba iliyojaa vitu vya huko. Hadithi ilisimama vilevile bila mwovu kuwa Mwasia.

Mwaka 1937 Marcel L'Herbier aliitengeneza tena nchini Ufaransa na kumwita Hayakawa, aliyekuwa sasa mtu mzima wa miaka hamsini hivi. Alirudi kwenye nafasi ileile, na chuma kilekile cha chapa. Safari hii vibao havikuwapo, sauti ilikuwapo. Alitambulishwa kama mwana wa mfalme wa Mongolia.